Nilijaza Namba ya Baba

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilikuwa na divisheni wani ya pointi nane, na kiburi cha kutosha watu wanne. Biolojia B, Kemia C, Fizikia C. Nilimsomea baba nikiwa nimesimama mlangoni kwetu, Kiwalani, na ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu ndege ilikuwa inapita juu ya bati. Baba akauliza, nane katika ngapi? Nikamweleza kwamba katika mtihani huu pointi zikiwa chache ndiyo vizuri, tatu ndiyo kilele chenyewe. Akafikiri kidogo, akasema basi nane ni nyingi. Nikamwambia si nyingi, ni wani. Akaitikia kwa adabu ya mtu ambaye hajaelewa ila hataki ugomvi.

Wiki iliyofuata nikamvuruga zaidi. Vyuo vinahesabu kinyume: A inapewa tano, B nne, C tatu, na mwenye nyingi ndiye anayechukuliwa. Kwa hesabu ya vyuo nilikuwa na kumi. Baba akafurahi kwelikweli, akauliza kama wameniongeza mbili kwa sababu ya nidhamu. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili, kisha nikaenda kuchekea uani.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alifariki nikiwa kidato cha tano, kwenye shule ya bweni mikoani. Aliugua mapafu, akalazwa wiki tatu, akawekwa kwenye mashine ya hewa, na mimi sikuambiwa chochote mpaka mwalimu wa malezi aliponiita nje ya chumba cha mtihani siku ya mwisho. Nilifika siku ya mazishi. Baba alisema hawakutaka kunichanganya na mitihani. Sikumlaumu kwa mdomo, lakini nilimlaumu kwa kila njia nyingine ninayoijua, na ninazijua nyingi.

Baada ya hapo nikawa nataka udaktari na kitu kingine chochote sitaki. Nilikuwa napiga hesabu za pointi nyuma ya kalenda ya ukutani kila siku, utadhani zitabadilika nikizipanga upya. Kumi yangu ilikuwa inatosha kuomba, hilo lilikuwa wazi kwenye mwongozo. Kutosha kuomba na kupata ni mambo mawili. Rafiki yangu wa darasani, anayekaa Mbezi Beach kwenye nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, alikuwa na wani ya tano, na hata yeye alikuwa hapati usingizi. Alikuwa ananipigia kuniambia kwamba mwaka huu ushindani ni mkubwa. Nilimpenda sana yule msichana, lakini miezi ile kila akipiga nilitamani simu izime.

Simu yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya jirani. Yangu niliiangusha kwenye ndoo ya maji ya kufulia wiki moja kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, na laini ikafa pamoja nayo. Kwa hiyo tulipokwenda steshenari kujaza fomu ya chuo, dada wa pale alipouliza namba ya simu ya mwombaji nikakwama. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia yake mkononi. Akaitaja namba yake taratibu, tarakimu moja moja, kama anavyoitaja siku zote.

"Weka yangu," akaniambia. "Wakikuita, waniite mie. Mie ndo baba'ako."

Sasa, baba hasomi. Anajua tarakimu zote, anaandika jina lake, anapima mbao kwa milimita bila kukosea, lakini ukimpa ukurasa wa maandishi anaukunja na kuuweka mfukoni mpaka apate wa kumsomea. Alikulia kusini, kwenye familia ya wachongaji, na shule aliiacha mapema akashika patasi. Mama ndiye aliyekuwa anamsomea kila kitu, kuanzia barua za ukoo mpaka karatasi ya ndani ya dawa za presha. Mama alipoondoka, kazi hiyo ilikuwa yangu, na mimi niliifanya kwa pua juu.

Kuna siku katika miezi hiyo ya kusubiri alinikuta uani nimeinamia mwongozo wa vyuo. Akasimama pale muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina nafasi, kuna kitu anataka nimsomee. Nilidhani ni karatasi ya mjumbe kuhusu takataka. Nikamwambia si sasa, baba, huoni niko kwenye mambo yangu? Akasema haina haraka, nikimaliza mambo ya chuo ndiyo nimsomee. Nikarudi kwenye mwongozo wangu. Alikuja tena wiki kama mbili baadaye, akaniangalia usoni, akageuka akarudi ndani.

Orodha ya awamu ya kwanza ilitoka Jumanne. Nilikwenda steshenari nikiwa na kandambili za rangi mbili tofauti, na niligundua hilo nilipokwisha kufika. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja: udaktari katika chuo cha mkoani, na sayansi ya maabara katika chuo cha hapa Dar. Nililia mbele ya dada wa steshenari, akanipa karatasi ya kuprintia nijifute. Halafu tukasoma tangazo lote. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja atatumiwa namba ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi, kwenye simu aliyoijaza. Ataiingiza kwenye mtandao na kuchagua chuo kimoja. Mwisho wa kufanya hivyo ni Ijumaa, na asiyethibitisha anapoteza vyote viwili.

Kubadilisha namba ya simu haikuwezekana tena, dirisha lilikuwa limefungwa. Kwa hiyo udaktari wangu wote ulikuwa kwenye kitochi cha baba, simu ndogo ya vitufe iliyoshikizwa na raba bendi, ambayo kila siku alfajiri iliondoka naye kwenda Manzese kwenye karakana ya vitanda na kurudi naye magharibi.

Jumanne jioni nilimpokea barabarani. Hakuna ujumbe. Jumatano hakuna. Jumatano hiyohiyo rafiki yangu wa Mbezi Beach alipiga kwa jirani kuniambia yake imeingia tangu asubuhi na amekwisha kuthibitisha. Alhamisi nikarudi steshenari, tukaomba itumwe upya, na kwenye kompyuta ikaandikwa kwa rangi ya kijani kwamba imetumwa. Nikakaa kwenye benchi pale nje nikijiuliza imetumwa wapi. Nilianza kuamini kwamba wamegundua kosa, kwamba pointi zangu zimehesabiwa upya na mtu mwenye akili zaidi na wameamua kunyamaza tu.

Jioni ile nilimwomba baba simu niangalie mwenyewe. Akaweka mkono juu ya mfuko wa shati.

"Haijalia, mwanangu. Ikilia ntakwambia."

Nikamwambia watu wanalalamika kwamba wakimtumia meseji hazimfikii, mpaka baba mdogo aliyeko Tandahimba alishachoka akawa anapiga tu. Akasema ndiyo maana watu wanampigia, kupiga ni bora. Nikamwambia hii haipigwi, hii inatumwa. Mkono wake haukutoka juu ya mfuko. Na mimi, ambaye siku tatu sikuwa nimelala wala kula vizuri, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu.

"Utajuaje imeingia au haijaingia, na wewe kusoma hujui?"

Alikuwa ana tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa, akatoka kwenda kukaa nje. Sikumfuata. Niliona haki iko upande wangu.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaondoka nilipoamka. Nikaenda Manzese. Karakana yao iko ndani kidogo, ukiiacha barabara ya Morogoro na kelele za mwendokasi, na wanakuwa watu sita au saba chini ya turubai, kila mmoja na kazi yake. Baba alikuwa anachonga maua kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha mninga. Nilimpa shikamoo kwa sauti ndogo, akaitikia marahaba kwa upole uleule wa siku zote, na upole huo ulinikera zaidi kuliko angenuna. Simu ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya pamoja, juu ya rafu ya gundi na misumari. Nikakaa chini yake kuilinda.

Saa sita na nusu wakaanza kunawa kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Baba alivaa kanzu yake iliyokuwa imening'inia kwenye msumari, akanitazama, akaitazama simu. Nilimwona anataka kusema kitu. Wenzake wakamwita. Akasema anakuja sasa hivi, nisiondoke, na wote wakatoka.

Nilihesabu mpaka hatua zao ziliponyamaza, nikaichomoa simu.

Pembeni mwa kioo kulikuwa na picha ndogo ya bahasha, inawaka na kuzima. Mtu yeyote aliyewahi kutumia kitochi anajua maana yake: sanduku la ujumbe limejaa, hakuna kinachoingia mpaka ufute. Siku nne nimekufa na kufufuka, na shida yenyewe ni hii. Nikafungua. Wa kwanza ulikuwa wa mtandao wa simu, jibu swali ushinde. Wa pili bahati nasibu. Wa tatu kifurushi cha usiku. Wa nne swali tena. Nilishuka labda mpaka wa kumi na yote ilikuwa takataka ya namna hiyo, herufi kubwa tupu. Nikamwona baba akilini, mwaka mzima na zaidi hajui kufuta, hajui hata kuuliza, na nikamhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Nikaenda kwenye chaguzi, nikabonyeza Futa zote. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza Ndiyo kwa nguvu mpaka kidole kikauma.

Bahasha ikaacha kuwaka. Haikupita dakika ukaingia ujumbe wa bahati nasibu, nikaufuta. Ukaingia mwingine wa kifurushi, nikaufuta. Wa tatu ulikuwa wa namba ya kuthibitisha.

Kulikuwa na steshenari mtaa wa pili. Nilikimbia na simu mkononi, nikaingiza zile herufi na tarakimu, nikachagua udaktari, na kompyuta ikaniandikia hongera. Nilirudi karakana kabla hawajatoka msikitini, nikaichomeka simu palepale ilipokuwa. Moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumwomba baba radhi kwa lile neno la jana, na hata kumpongeza kwa wazo la kujaza namba yake.

Aliporudi nilimwambia kabla hajavua kanzu. Alinyanyua mikono akashukuru, midomo inacheza bila sauti, kisha akawaambia wenzake binti yake anakwenda kuwa daktari. Walikuja mmoja mmoja kunipa mkono wa vumbi la mbao. Mmoja akaniuliza dawa ya mgongo hapohapo. Nilicheka sana saa ile, ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kucheka namna ile na baba.

Wenzake waliporudi kwenye kazi zao baba aliichomoa simu, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaja kukaa karibu yangu kwenye fremu ya kitanda ambacho hakijapigwa chaga.

"Sasa roho yako imetulia," akasema. "Nisomee za mama'ako."

Nikamuuliza zipi.

"Alizonitumia wodini."

Akanieleza kwa kifupi, macho yakiwa chini. Mama alipowekewa mashine hakuweza kusema. Baba aliruhusiwa kumwona kwa muda wa saa moja mchana na saa nyingine moja jioni, na muda mwingine wote alikaa nje kwenye benchi na simu yake. Mama akawa anamwandikia. Baba alikuwa anasikia simu inalia, anaona namba ya mama, anafungua, anatazama maandishi, basi. Siku moja mama aliandika kwenye karatasi, muuguzi akamsomea baba: mkeo anasema usijali, mtoto akirudi atakusomea. Hakutaka mtu baki azisome, wala muuguzi, wala mwenzake wa karakana. Ni maneno ya mke wa mtu. Niliporudi kuzika akaniona nilivyo, akaogopa. Nilipomaliza shule akasubiri matokeo. Matokeo yalipotoka akasubiri chuo. Hakuwahi kufuta ujumbe wowote, maana asingejua anafuta upi.

"Ni tisa," akasema. "Nilizihesabu zilivyolia."

Akaniwekea simu kiganjani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema ukweli pale pale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa mwoga, na jana yake nilikuwa nimemtukana kwa kutojua kusoma. Nikaifungua simu. Ndani ya sanduku kulikuwa na ujumbe mmoja, wa namba ya kuthibitisha. Nikaukazia macho huo, nikaanza kusoma.

Nilisoma kwamba anamuuliza kama amekula. Baba akakunja kidole kimoja. Nilisoma kwamba asisahau dawa yake ya presha, na kwamba funguo ya kabati iko chini ya godoro upande wake. Nilisoma kwamba mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani, na hapo nilikuwa nampa baba msamaha wangu kupitia kinywa cha mama. Akakunja kidole cha nne, akasema polepole kwamba alijua tu mama angetaka hivyo. Nilisoma kwamba leo anajisikia nafuu. Nilisoma amsalimie bibi mzaa baba. Nilisoma kwamba maji ya wodini ni ya chumvi. Wa nane nilisoma kwamba ameishi naye vizuri. Baba alikuwa ameinama, machozi yanadondokea kwenye vumbi la mbao, na mimi nilikuwa nimebakiza mmoja na nimeishiwa. Nikatafuta kitu ambacho watu husema wanapoaga. Nikasoma:

"Nisamehe kwa nililokukosea."

Kidole cha tisa hakikukunjwa. Baba akainua uso.

"Alinikosea nini?"

"Hakusema, baba."

"Hebu soma tena."

Nikasoma tena, nadhani nilibadilisha maneno. Akaichukua simu, akaifunga, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Hakurudi kwenye ubao wake mchana ule.

Kabla ya kwenda chuo nilizunguka kwa mafundi simu watatu na mmoja baada ya mwingine aliniambia kwenye simu za namna hii kilichofutwa kimefutwa. Nikayaandika yale tisa niliyoyatunga kwenye daftari, ili nisije nikajichanganya, kwa sababu kila likizo alitaka nimsomee. Posho ya mwaka wa kwanza ilipoingia nikamnunulia simu nyingine na kumwomba ile ya zamani nikamhifadhie, nikihofia siku moja atampa mtu mwingine asome. Alinipa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Huwa ananiuliza kama zipo salama, na mimi husema zipo.

Sasa niko mwaka wa tatu, nimeanza kuingia wodini. Mwezi uliopita baba alinipigia Jumapili asubuhi, sauti yake nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo kwa muda mrefu. Akasema amekumbuka. Nikamuuliza amekumbuka nini.

"Lile alilonikosea mama'ako. Wewe ulikuwa darasa la pili. Alienda kwao Newala, akakaa miezi miwili. Nilimuuliza aliporudi, akasema miezi yote ile alikuwa anamuuguza marehemu mama'ake. Mie nikaamini."

Nilikuwa nimekwenda naye. Tulilala chumba kimoja na bibi miezi yote miwili, mama akimgeuza kitandani, akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko mpaka alipokata roho. Hakutoka hata kwenda sokoni, alikuwa ananituma mimi.

Baba akasema nisiumie, hayo ni mambo ya zamani, na yeye ameshamsamehe. Amelala vizuri usiku huo kwa mara ya kwanza, akasema, na alitaka nijue.

Nilikaa na simu sikioni. Nilifungua mdomo nikitaka kuanzia pale karakana, kwenye kile kitufe nilichokibonyeza kwa nguvu. Akaniuliza kama namsikia.

"Nakusikia, baba," nikasema. "Umefanya vizuri."